Kiti cha Anayechorwa

Leith, Edinburgh

Mjukuu wangu,

Mimi ni mzima, ila miguu imekataa ngazi, na mkono wa kulia umeanza kutetemeka asubuhi kabla sijanywa chai. Daktari amesema yake nami nimeyasikia. Ndiyo maana nakuandikia sasa, kalamu ingali inanitii. Sanduku la brashi utalipata kwa mkono wa jirani anayekuja Tanga, na barua hii nimeilaza juu ya brashi zenyewe. Isome kwanza, ndipo ufunue kitambaa.

Zile picha nne ulizonitumia kwenye simu nimezitazama siku nyingi. Mkono wako ni mwepesi kuliko wangu nilipokuwa na umri wako, na sisemi haya kukufurahisha. Lakini zote nne umezichora kwa kuangalia picha za simu, na watu wote wanne wametoka na ngozi moja, kama waliozaliwa tumbo moja. Muuza samaki ana kipaji cha uso cha mwalimu. Nikakaa nikajiuliza nikuambie nini. Nikaona bora nikusimulie habari za mtu wa mji huu, kwa sababu kile kidogo ninachojua kuhusu kuichora sura ya mtu nilikipata kwa kusimama mbele ya kazi zake. Jina lake ni Henry Raeburn. Alikufa miaka 200 na ushei iliyopita, na kwangu mimi ndiye mwalimu.

Nilifika hapa nikiwa baharia. Kazi yangu ilikuwa kukwangua kutu na kupaka rangi ubavu wa meli, kwa hiyo brashi niliijua kabla sijajua sanaa. Siku moja ya Januari, upepo wa bahari hii ya kaskazini ukinikata masikio, niliingia katika jumba la taifa la sanaa pale katikati ya mji, kwa sababu kiingilio ni bure na ndani kuna joto. Nikakutana na picha ndogo, urefu wake haufiki hata mita moja: mchungaji wa kanisa, amevaa nguo nyeusi tangu kofia hadi viatu, mikono ameikunja kifuani, anateleza juu ya ziwa lililoganda kwa mguu mmoja. Huyo ni Mchungaji Robert Walker katika ziwa la Duddingston, nje kidogo ya mji. Mashavu yamemwiva kwa baridi. Mimi niliyekuwa natetemeka nikamwona mtu aliye ndani ya baridi ileile, naye ametulia kama yuko sebuleni kwake. Baadaye nilijifunza kwamba tangu 2005 wataalamu wanabishana, wengine wakisema picha ile ni ya Mfaransa Danloux. Wabishane. Mimi ndiyo iliyonivuta mkono, na jina lililoandikwa ukutani lilikuwa la Raeburn, ndipo nikaanza kumtafuta.

Alizaliwa tarehe 4 Machi 1756 Stockbridge, siku hizo kijiji pembezoni mwa Edinburgh, kando ya kijito kinachoshuka hadi hapa Leith. Baba yake alikuwa na kazi ya kuchemsha na kutengeneza nyuzi. Wazazi wote wawili walifariki yeye angali mdogo, akabaki mikononi mwa kaka yake. Na hapa, mjukuu wangu, kuna jambo la wosia ambalo lazima ulijue. Zamani katika mji huu aliishi sonara tajiri, George Heriot, aliyemtengenezea vito Mfalme James wa Sita. Alipofariki 1624 aliacha wosia kwamba mali yake ijenge nyumba ya kuwalea na kuwasomesha watoto wa Edinburgh waliofiwa na baba zao. Karibu miaka 140 baadaye, yatima Raeburn akapita katika mlango ule. Maneno ya mtu aliyekuwa kaburini zaidi ya karne moja ndiyo yaliyompa uji, daftari na blanketi. Jengo bado lipo, jiwe juu ya jiwe, na kila nilipopita nililisalimia.

Alipofika miaka 15 au 16 akapelekwa kuwa mwanagenzi wa sonara, James Gilliland. Usidhani alipoteza wakati. Kazi ya usonara ni kazi ya macho: unakaa na kipande kidogo kuliko ukucha na huna ruhusa ya kukosea. Katika kazi zake za mwanzo ipo moja isiyo picha kabisa. Mwaka 1778 alifariki hapa mwanafunzi wa udaktari, kijana wa miaka 19 jina lake Charles Darwin, baba mkubwa wa yule Darwin mwenye jina duniani. Mwalimu wake, Dakta Andrew Duncan, alitaka kitu cha kumkumbuka, na Raeburn ndiye aliyemtengenezea kito cha maombolezo chenye nywele za marehemu. Nakuomba ulifikirie hilo. Kabla hajajulikana kwa kuchora mabwana na mabibi, kijana huyu alishika mkononi nywele za kijana mwenzake aliyekufa, akazipanga moja moja kwa uangalifu, kwa sababu kuna mtu alikuwa akilia. Katika kazi yetu hakuna somo la kwanza lililo bora kuliko hilo.

Katika miaka hiyohiyo alikuwa akichora visura vidogo juu ya vipande vyembamba vya pembe za ndovu, vya kuvaliwa shingoni, kisha akaingia kwenye rangi ya mafuta karibu bila mwalimu. Mwaka 1776, akiwa na miaka 20, alimchora George Chalmers wa Pittencrieff, mwili mzima kwenye kanvasi kubwa. Si kazi yake bora, lakini ujasiri aliokuwa nao ni wa kutamanisha. Miaka michache baadaye akamwoa Ann, mjane mwenye watoto na mwenye mali, aliyemzidi umri kwa miaka mingi. Watu wanasimulia kwamba alikuja kuchorwa, wakapendana kwenye kiti kilekile. Sijui kama ni kweli, ila najua kwamba alipopata ardhi ya kujenga nyumba pale Stockbridge, mtaa mmoja ukaitwa Ann Street, na unaitwa hivyo hadi leo. Nimeutembea. Una bustani ndogo mbele ya kila mlango, jambo ambalo mitaa mingi ya mji ule wa mawe haina.

Mwaka 1784 wakaenda Italia. Walipitia London, wakaonana na Sir Joshua Reynolds, mkubwa wa wachoraji wa Uingereza wakati huo, naye akamhimiza afike Roma. Huko Roma alikaa hadi 1786. Ungetarajia arudi akiwa amelemewa na Michelangelo na malaika wa kwenye dari. Lakini kilichomkaa moyoni ni ushauri wa Mskoti mwenziwe aliyekuwa akifanya biashara ya vitu vya kale Roma, James Byres. Huyu alimwambia asichore kitu chochote kwa kukumbuka. Hata kiwe kidogo namna gani, hata kiwe kitambaa tu au mguu wa meza, kiwe mbele ya macho yake wakati anakichora. Raeburn alisema baadaye kwamba ushauri huo ulimfaa kuliko mengi aliyoyapata kule, na maisha yake yote aliushika.

Mimi sikuushika, na nimelipa. Hili hujalisikia.

Mama yangu alipofariki nilikuwa baharini, habari zikanifikia baada ya arubaini. Nilipotulia hapa Leith nikasema nitamchora. Sikuwa na picha yake ila moja, ya kitambulisho, imefifia. Nikasema, mimi ni mwanawe, nimemtazama tangu nafungua macho, nitashindwaje? Nikachora miezi minne. Nikaweka ukaya wake, nikaweka kipini puani, nikaweka na ile khanga aliyoipenda. Nikaituma Tanga kwa meli. Dada yangu, bibi yako wa nyumba ya uani, akaifungua mbele ya watu, akatazama, akasema, "Huyu si mama." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetoa taarifa. Aliponiandikia akaeleza: jicho la kushoto la mama lilikuwa likichelewa kidogo kufumbuka, na wewe umemchorea macho mawili sawasawa.

Nilikuwa nimesahau. Miaka ile yote nilidhani namkumbuka mama, kumbe nakumbuka mapenzi yangu kwake, na mapenzi hayana jicho la kushoto. Picha ile ipo huko kabatini, imeelekezwa ukutani. Nitarudi kwayo mwishoni.

Raeburn aliporudi kutoka Roma alikuwa na miaka 30 na kidogo, na karibu kila mtu mwenye jina Uskoti alimjia. Mwisho wa karne ile akahamia nyumba aliyoijenga York Place, namba 32. Kutoka kwangu ni mwendo wa nusu saa kwa miguu nilipokuwa na miguu. Chumba cha kuchorea kilitazama kaskazini, upande wa bahari, na madirisha yake yalikuwa na vibao vingi vya kufungua na kufunga, hiki juu, kile chini, ili aweze kuuchunga mwanga kama unavyochunga moto wa jiko. Akitaka mwanga ushuke kutoka juu uguse kipaji cha uso na pua na kuacha macho kwenye kivuli, alifunga vya chini. Hakuongeza mwanga kwa brashi, aliupanga kwanza kwa mkono.

Siku yake ilikuwa hivi. Aliamka saa moja asubuhi, akala, akatembea hadi York Place akafika saa tatu. Kwa siku alipokea watu watatu au wanne, kila mmoja saa moja na nusu au saa mbili. Mtu alirudi mara nne au tano, picha ikaisha. Hakuchora kwanza kwa penseli wala mkaa. Alianza na brashi na rangi moja kwa moja: kipaji cha uso, kidevu, pua, mdomo. Wachoraji wa wakati wake walikuwa na fimbo ya kuegemezea mkono usitetemeke, yeye hakuitumia.

Na namna alivyofanya kazi, mtu mmoja aliyechorwa naye aliisimulia, nami nimeirudia kichwani mwangu mara nyingi kuliko sala nyingine. Alikuweka kwenye kiti juu ya jukwaa mwisho wa chumba. Akasimamisha kanvasi karibu na wewe. Kisha akarudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka pembe ya mbali ya chumba, akasimama akakutazama muda mrefu bila neno. Ghafla akaja mbele kwa hatua ndefu, akafika kwenye kanvasi, akapaka bila kukuangalia tena. Akarudi pembeni. Akatazama. Akaja.

Umeona alichokuwa akikifanya? Kwa mbali huwezi kuona kope. Unaona namna kichwa kilivyokaa juu ya mabega, na wapi kivuli kinakata shavu. Unaona mtu, kama unavyomtambua baba yako mwisho wa mtaa kabla hujaona uso wake, kwa mwendo tu. Hicho ndicho alichokibeba kutoka pembeni, akakitua kwenye kanvasi kabla hakijamwagika. Simu yako haiwezi kukurudisha nyuma. Ukiikuza picha kwa vidole viwili unapata kope nyingi, na kila unavyozidi kukuza ndivyo mwenye kope anavyokutoka.

Nenda kwenye intaneti umtafute Niel Gow. Picha yenyewe iko Queen Street hapa, katika jumba la sura za watu wa Uskoti. Gow alikuwa mpiga fidla wa Inver, karibu na Dunkeld, mtoto wa watu wa kawaida aliyewachezesha makabaila. Raeburn alimketisha kwenye kiti cha kawaida, amevaa suruali fupi ya kitambaa cha miraba na soksi ndefu, fidla iko kidevuni. Nyuma yake hakuna kitu: hakuna pazia, hakuna nguzo, hakuna mlima. Tazama mkono ulioshika shingo ya fidla. Ukiwa mbali ni mkono wa mzee, mzito, una mifupa. Sogea karibu kabisa, kama nilivyofanya mimi mpaka mlinzi akakohoa, utakuta ni vipande vitano sita vya rangi, vipana, vya pembe nne, vimewekwa mara moja na kuachwa. Hakuvilainisha. Kimoja cha waridi, kimoja cha kijivu, kimoja karibu na kahawia. Na uso wake ni wa mtu anayesikiliza. Nimewahi kuona wapiga zumari wetu na uso uleule, dakika ile kabla ngoma haijaingia.

Kuhusu mwanga, tafuta picha ya Sir John Clerk wa Penicuik na mkewe, ya mwaka 1791, ambayo sasa iko Dublin. Wamesimama kwenye ardhi yao, jua liko nyuma yao. Kwa desturi mchoraji angewageuza jua liwapige usoni. Yeye akawaacha. Mume amenyoosha mkono kuonyesha kitu kwa mbali, mwingine ameuzungusha begani kwa mkewe. Nguo ya mke ni nyeupe, nayo inapokea mwanga na kuurudisha juu kwenye nyuso zao. Kivuli chao kimejaa nuru. Ukikaa na mtu kwenye baraza saa kumi jioni, ukuta wa chokaa ukiwa mbele yake, utaona jambo hilohilo kwenye ngozi yetu, na kwenye ngozi yetu linapendeza zaidi, kwa sababu nyeusi inashika rangi ya kila kilicho karibu: bluu ya mlango, manjano ya khanga. Zile picha zako nne umepaka vivuli kwa nyeusi ya kopo. Hiyo nyeusi nimeitoa sandukuni. Usiitafute.

Sasa nikuambie jambo linaloniuma, maana sitaki umpende mtu huyu kwa upofu. Watu waliokaa kwenye kile kiti walikuwa na fedha, na fedha ya Uskoti ya wakati ule, nyingi yake, ilinuka sukari na tumbaku. Ilitoka kwenye mashamba ya Karibi na Marekani yaliyolimwa na Waafrika watumwa. Dakika chache kutoka York Place, katika uwanja wa St Andrew, kuna nguzo ndefu yenye sanamu ya Henry Dundas, mwanasiasa aliyeingiza neno "polepole" katika hoja ya 1792 ya kukomesha biashara ya watumwa. Biashara ile ikaendelea hadi 1807. Neno moja, na miaka kumi na mitano ya meli. Na Raeburn alimchora pia Macdonell wa Glengarry, mwaka 1812, amesimama kama simba katika mavazi ya miraba, bunduki mkononi, wakati watu wa ardhi yake wanafukuzwa kupisha kondoo. Nimesimama mbele ya picha ile mara nyingi. Kiburi kipo chote, hakukifuta wala hakukipaka asali. Je, yatosha? Kwangu mimi haitoshi kabisa, lakini ni kitu. Wewe utachora wanaokulipa, na baadhi yao hutawapenda. Wachore kama walivyo.

Tena kuna sura moja ambayo Raeburn hakuichora, nami nakutaka uijue. Mchoraji aliyetamba Edinburgh Raeburn alipokuwa kijana aliitwa David Martin, mwanafunzi wa Allan Ramsay, yule Mskoti mkubwa aliyemchora Mfalme George wa Tatu. Huko Scone, karibu na Perth, ipo picha ya mabinti wawili ambayo wataalamu sasa wanasema ni ya huyo Martin. Mmoja ni Elizabeth Murray. Wa pili ni Dido Elizabeth Belle, mtoto wa Maria Belle, Mwafrika aliyekuwa mtumwa, na ofisa wa jeshi la majini Sir John Lindsay, ambaye dada yake alikuwa mke wa Ramsay. Dido amevaa kilemba chenye unyoya, amebeba matunda, kidole chake kiko shavuni, na anacheka na mtu anayemtazama. Aliyemchora alikuwa naye chumbani. Unaiona furaha ya mwilini mwake, namna anavyotaka kuondoka kwenye fremu. Nilipanda basi hadi Perth kumwona, nikiwa na miaka 60, nikakaa naye mpaka wakafunga.

Turudi kwa Raeburn. Mwaka 1808 akafilisika. Mwanawe na jamaa ya mkewe walikuwa na kampuni ya biashara ya meli yenye jina lake, hapa Leith, na kampuni ikaanguka ikambeba na yeye. Mtu aliyeheshimika mji mzima akajikuta kwenye orodha ya wadaiwa. Akafikiri kuhamia London, maana mwaka 1810 alifariki Hoppner, mmoja wa wachoraji wakubwa kule, nafasi ikawa wazi. Akaenda akatazama hali, akarudi nyumbani, akaingia York Place, akafungua vibao vyake, akapokea watu watatu au wanne kwa siku kama kawaida. Akawa anapeleka picha London kila mwaka na yeye mwenyewe akabaki hapa. Aliacha picha karibu 1,000, na kazi nyingi zilizo bora ni za baada ya aibu ile.

Unajua kwa nini nakusimulia. Baba yako aliweka jina lako kwenye mkopo wa lile duka, na duka limefungwa. Hukutenda kosa, na wanaodai hawataki kujua hilo. Mtu hawezi kukufundisha namna ya kutoona haya, hata mimi siwezi. Ninachoweza kukuonyesha ni kiti kile: kesho yake asubuhi kuna mtu amekaa, ana saa mbili tu, na uso wake hauhusiani na deni lako.

Royal Academy ya London ilipompokea kuwa mwanachama kamili, mwaka 1815, alitakiwa atoe picha moja iwe yao. Akapeleka picha yake mwenyewe, mkono kidevuni, mzee anayewaza. Wakaikataa kwa sababu ya kanuni zao. Basi akawapa nyingine: mvulana amekumbatia sungura mweupe, anamlisha majani. Mvulana yule aliitwa Henry Raeburn Inglis, mjukuu wa mkewe, na alikuwa kiziwi. Angeweza kuwapa lodi au jenerali. Kati ya kazi zote za maisha yake, alichagua kupeleka London mtoto wa nyumbani asiyesikia, aliyeshika kitu chenye manyoya laini. Ukiiangalia utaona mkono wa mtoto umezama kwenye manyoya. Anasikia kwa vidole. Aliyechora aliishi naye, akamwona akifanya hivyo jikoni au bustanini siku nyingi, na bado, namjua, alimketisha tena na sungura wake mbele ya dirisha kabla hajashika brashi.

Heshima zilikuja mwishoni. Mwaka 1822 Mfalme George wa Nne alizuru Uskoti akampa cheo cha Sir, mwaka uliofuata akamfanya mchoraji wake wa Uskoti. Hakukifaidi cheo hicho. Tarehe 8 Julai 1823 akafariki nyumbani Stockbridge, kilekile kijiji alichozaliwa, baada ya kuugua siku chache tu. Alikuwa na miaka 67.

Sasa kazi zako.

Sandukuni mna brashi kumi na tisa. Zile za mpini mrefu nimezirefusha mwenyewe kwa vijiti, ili nisimame mbali na kanvasi. Usizikate. Mna kioo kidogo: ukichoka kuona, geuka uitazame kazi yako kwa kupitia kioo, makosa yatajitokeza. Zimo rangi saba tu, zinatosha.

Mwanga wa Raeburn usiuige kwa jina. Yeye alitumia dirisha la kaskazini kwa sababu huku jua halipiti kaskazini, kwa hiyo mwanga wake hautaharaki kutwa nzima. Tanga iko chini ya ikweta, na jua letu linahama. Wakati wa kusi, Juni na Julai, linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo tumia dirisha la kusini. Wakati wa kaskazi, Desemba na Januari, limehamia kusini, geuza kiti. Chumba cha uani kina madirisha yote mawili, ndiyo maana nilimwambia baba yako asikipangishe. Vibao huna, tundika shuka mbili, moja juu na moja chini, uwe unazisogeza.

Mzigo utakufikia kusi likivuma. Fungua dirisha la kusini. Ile picha ya kabatini iliyoelekezwa ukutani usiiguse, usiirekebishe, usiioneshe mtu. Mwite dada yangu. Ana miaka 81 na atakataa, atasema hana sura ya kuchorwa, atasema ana dengu jikoni. Ngoja dengu ziive. Mketishe kwenye kiti cha mbao kisichokuwa na mto, ukaya kichwani kama anavyouvaa mwenyewe, usimpange. Kisha rudi nyuma mpaka mgongo wako uguse mlango. Hana habari, na sijawahi kumwambia, kwamba kila anapochoka jicho lake la kushoto huchelewa kidogo kufumbuka.

Babu yako